Baada ya cheti cha mazingira, nani anafuatilia?

Mhariri,

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla mradi haujaanza. Huku kwetu Tabata mara nyingine greda linatangulia, karatasi zinafuata. Lakini hata tathmini ikifanyika mapema, kinachonikera ni kinachotokea cheti cha mazingira, yaani kibali kinachotolewa baada ya tathmini, kikishatoka. Ndani ya ripoti ya tathmini huwa kuna mpango wa usimamizi: nani atamwagia vumbi maji, kifusi kitatupwa wapi, mfereji utazibuliwa lini na kwa gharama ya nani. Sisi majirani hatuuoni. Tunachoona ni malori yakimwaga kifusi usiku kando ya Mto Msimbazi, ilhali sheria hiyohiyo, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Masika ikifika, maji ya mto huo yanajaa bonde la Jangwani na lawama anabebeshwa Mungu.

Mpango huo ubandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kwa Kiswahili, pamoja na namba ya simu ya msimamizi wa mradi. Kurasa mbili zinatosha; ripoti nzima nani ataisoma?

Mkazi wa Tabata,
Dar es Salaam