Kile chuma cha uani

Korogwe,
Jumapili usiku

Somo yangu,

Pole ya kidole. Siku ya arobaini ya baba ulipojikwaa ukauliza nani kaacha takataka njiani, nilicheka kimoyomoyo. Mama yuko edani, hatoki, basi kila nikimpelekea chai ananisimulia kipande. Acha nikuandikie kabla sijasahau.

Kile ni ekseli ya lori, na zile ncha ni makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Baba alikuwa na vyuma vya namna hiyo kama kumi chini ya mwembe karibu na reli, vijana wa mkonge wakimlipa senti hamsini wanyanyue. Leo ungesema ana jimu. Zamani zile ilikuwa "kwenye vyuma" tu, na wazazi walitamka kwa kununa.

Mama naye alikuwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Mwaka 1977 watoto wote walitakiwa shuleni, walimu hawatoshi, wakachukuliwa waliomaliza darasa la saba wakafundisha huku wakisomeshwa. Watu wakawabeza: Ualimu Pasipo Elimu. Nadhani ndiyo maana mama hakubali hesabu ya kubahatisha mpaka leo, hata ya nyanya sokoni.

Wavulana wake wakawa wanatoroka kipindi cha hesabu. Akawafuata mwembeni, fimbo mkononi, akakuta chuma kimeandikwa "Kilo 80". Fimbo akaisahau. Akamwuliza baba, "Nani kakipima?" Baba akajibu, "Mgongo wangu." Wavulana wakaamriwa wakisukume kwa toroli hadi kwenye mizani ya korona (kiwanda cha kuchakata mkonge, usicheke). Kilo 63! Akafuta ile 80, akaandika 63 kwa chaki. Kesho yake baba akachukua brashi, akapaka rangi juu ya mwandiko wa mama, tarakimu kwa tarakimu.

Mjomba alipinga posa: mbeba vyuma atakulisha nini? Mambo yakalala.

Halafu 1983 baba akaenda Dar, Gerezani, kutafuta chuma chakavu, akaangukia kwenye msako wa Nguvukazi. Ukikutwa mjini huna kitambulisho cha kazi, wewe mzururaji, unarudishwa kijijini. Aeleze vipi kwamba kunyanyua saruji ni kazi? Mama akapanda basi na barua yenye muhuri wa shule: mwenye barua hii ni mwalimu wetu wa mazoezi ya viungo. Uongo mtupu, somo. Wakamwachia. Ila mama halali na uongo ndani ya nyumba. Jumatatu alfajiri akamsimamisha baba mbele ya watoto, akamvika filimbi shingoni, na baba akaongoza mchakamchaka miaka sita bila mshahara. Mjomba mwenyewe ndiye aliyekuja kuuliza mahari italetwa lini.

Nikamwuliza mama alimpenda lini hasa, nikidhani atasema Dar. Akakoroga chai weee. "Alipopaka rangi. Mwingine angeirudisha themanini yake."

Kaka anataka kuwauzia watu wa vyuma chakavu. Jana tumekiburuta watatu hadi mlangoni kwa mama, ile 63 ikitazama ndani. Kwa hiyo eda ikiisha ukija, njoo na viatu.

Wako,
Somo