Risala ya bodaboda na mama lishe wachangia damu wa Mwanjelwa, Mbeya, kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, viongozi wa mtaa, wahudumu wa afya, mama zetu wa sokoni na ndugu wote, karibuni Mwanjelwa.

Sisi tulianza kuchangia damu kwa sababu ya barabara. Anayeijua miteremko ya Mlima Nyoka na Iwambi hapa Mbeya haelezwi lori lililokatika breki linafanya nini. Mwenzetu akigongwa, kijiwe kizima kilikimbilia hospitali kunyoosha mikono.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuna jambo linalotuuma. Siku moja shemeji wa mwenzetu alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Tukaenda. Kwenye maswali ya awali, kijana mmoja wetu alimweleza muuguzi ukweli: wiki mbili nyuma alikutana na mwenza mpya bila kinga. Akaambiwa asitoe damu kwanza. Alipotoka nje tulimzomea, tukamwita mwoga. Leo mbele yako tunamwomba radhi. Siku ile yeye ndiye aliyemlinda yule mama kuliko sisi sote.

Kila chupa hupimwa VVU, homa ya ini B na C, pamoja na kaswende kabla ya kumfikia mgonjwa. Lakini kirusi kilichoingia mwilini leo, kipimo hakikioni kesho. Zipo siku, na kwa vipimo vingine wiki kadhaa, damu inaonekana salama kumbe inaambukiza. Hapo kinachomwokoa mgonjwa ni ukweli wa mchangiaji. Na kwetu Nyanda za Juu Kusini hili ni zito: utafiti wa taifa wa 2022–2023 ulikuta VVU kwa asilimia 12.7 ya watu wazima Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 hapa Mbeya. Homa ya ini B nayo mtu hukaa nayo miaka bila hata macho kuwa ya njano.

Ndugu aliyeitwa usiku, mgonjwa yuko mahututi, ukoo mzima unamtazama, atasemaje kwamba yeye hafai kutoa damu? Ndiyo maana sasa tunachangia mapema, wanaume kila miezi 3 na wanawake kila miezi 4, damu iwepo kabla mgonjwa hajafika.

Tunaomba faragha. Tumewahi kuulizwa mambo ya chumbani tukiwa kwenye foleni, jirani anasikia. Pale hakuna atakayesema kweli. Tunaomba pia majibu ya vipimo yaturudie pamoja na ushauri, na mama lishe wanauliza kama watu wazima tunaweza kusaidiwa kupata chanjo ya homa ya ini B. Mwisho, gari la damu lije hapa Juni na Desemba, wanafunzi wanapokuwa likizo na akiba inapopungua.

Kitanda cha kwanza pale chini ya turubai hatujamlaza mtu, Ndugu Mgeni Rasmi. Tumekuachia wewe.

Tunaomba kuwasilisha.