Eti wafu hawachezi

Shoga yangu,

Za siku nyingi? Mama hali yake, na watoto? Sisi huku London wazima, baridi tu ndo inatutesa. Voisi yako nimeisikiliza nikacheka peke yangu kwenye basi, eti mtu unalipa hela yote hiyo ukaangalie Romeo na Juliet halafu kuanzia mwanzo mpaka mwisho hakuna anayefungua mdomo, sasa mnajuaje nani kapenda na nani kafa? Tunajua bwana, tena tunalia. Ila ngoja kwanza nikupe umbea wa hiyo baleti yenyewe, yaani hadithi inayosimuliwa kwa dansi na muziki tu, maana ya nyuma ya pazia ni makubwa kuliko ya jukwaani.

Muziki ni wa Sergei Prokofiev, Mrusi. Aliondoka kwao 1918 baada ya mapinduzi, akakaa Marekani, akakaa Paris, mwishowe serikali ya kwao ikambembeleza akarudi, na hii kazi aliiandika 1935. Sasa sikia kituko, kwenye ile ya kwanza aliyoandika hawafi! Romeo anawahi, Juliet anaamka, mambo yanaisha vizuri kila mtu kwao. Na sababu yake wala haikuwa mapenzi, alisema ni mambo ya dansi tu, mtu mzima anaweza kucheza ila anayekufa kalala pale chini atachezaje. Wapenzi wa Shakespeare, mwenye tamthilia yenyewe, wakaja juu. Kilichomgeuza ni kwamba kuna mtu alimwambia muziki wako mbona hata pale mwishoni hauna furaha ya kweli, halafu watunzi wa dansi nao wakamhakikishia kifo kinachezeka, basi akakaa akaandika mwisho mwingine.

Bolshoi, lile jumba kubwa la opera na baleti la Moscow, wakaikataa, wakasema muziki huu hauchezeki. Lakini shoga, ule wakati watu walikuwa na hofu zao, mwanzoni mwa 1936 gazeti la chama cha Kikomunisti, Pravda, lilimshambulia mtunzi mwenzake wa muziki, Shostakovich, mwezi mmoja opera yake, mwezi unaofuata baleti yake, nani tena atathubutu kuleta kitu kipya? 1937 mkurugenzi wa Bolshoi, Mutnykh, akakamatwa, na Piotrovsky aliyesaidia kupanga hadithi akakamatwa pia, wote wakauawa. Kwa hiyo onyesho la kwanza kabisa halikufanyika hata Urusi, lilifanyika Brno huko Chekoslovakia Desemba 1938, na mwenye muziki wake hakuwepo.

Leningrad, huko huko Urusi, walikuja kuicheza Januari 1940, dansi katunga Lavrovsky, Juliet ni Galina Ulanova. Kumbe na wachezaji nao walikuwa hawautaki huo muziki, mapigo hayashikiki, na vyombo vinapigwa kwa chini mno kiasi kwamba wao kule jukwaani hawasikii kitu. Ulanova alisimulia kwamba walipolalamika Prokofiev aliwaka, akawaambia najua mnachotaka nyie, mnataka ngoma siyo muziki! Wakamwita aje akae nao pale pale jukwaani asikilize mwenyewe, akaja, akakaa, okestra ikapiga... kimya. Akakubali kuongeza sauti. Na ndo hao hao waliokuja kung'ara nayo, 1956 Bolshoi, Ulanova kashahamia kwao, walipokuja huku London Ulanova alikuwa na miaka 46 anacheza binti ambaye hajatimiza 14, na watu wakaamini.

Ile niliyoangalia mimi siyo hiyo ya Warusi, ni ya mtunzi wa dansi Kenneth MacMillan, ya 1965 hapa hapa London kwenye jumba la opera la Covent Garden. Na hapo napo pana dhuluma yake. Aliwatungia wachezaji wawili, Lynn Seymour na Christopher Gable, wakafanya naye mazoezi hatua kwa hatua, halafu usiku wa kwanza wakapewa Margot Fonteyn na Nureyev kwa sababu hao ndo majina yanayouza tiketi Marekani. Ulifana kwa kweli, wanasema waliitwa warudi mbele ya pazia mara 43. Lakini mimi bado namwonea uchungu Seymour, yaani nguo imekatwa kwa vipimo vyako anavaa mwenzio.

Sasa swali lako la tunaelewaje. Kuna pahala baada ya Romeo kukimbia, Juliet anashurutishwa kuolewa na bwana mwingine anayeitwa Paris, anabaki mwenyewe chumbani. Anakaa ukingoni mwa kitanda, miguu pamoja, anaangalia mbele. Basi. Hachezi kabisa, muziki unapanda unapanda ukumbi mzima umejaa na yeye hata kidole hatikisi, na unaona kabisa akili inavyokwenda mbio mpaka anainuka ghafla kumfuata padri. Maneno ya nini hapo?

Halafu kaburini, ndo pale Prokofiev alipodhani hapawezekani. Romeo anadhani mkewe kafa, anamwinua, anajaribu kurudia naye zile hatua walizocheza usiku wa kwanza pale chini ya roshani, sasa mikono ya Juliet inaning'inia, kichwa kinaanguka nyuma, anamburuza sakafuni. Na usidhani yule dada anapumzika, mwenzangu, kujilegeza vile huku unabebwa bila kuvunjika shingo ni kazi ngumu kuliko kuruka.

Ule mwisho wa furaha nao haukupotea, mtunzi wa dansi Mark Morris aliuchezesha Marekani 2008, mimi sina hamu nao hata kidogo.

Kama bando lako dogo usianze mwanzo, tafuta hicho kipande cha kitandani na cha kaburini, cha MacMillan, na uvae spika za masikioni siyo sauti ya simu. Ukimaliza nitumie voisi, hata ya dakika kumi. Msalimie mama sana.

Wako wa siku zote