Mbu wa masika si mbu wa kaskazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji nizungumzie jambo linalonisumbua kwa muda mrefu kuhusu vita dhidi ya malaria hapa kwetu.

Kwa miaka kadhaa nimeshiriki kukusanya mbu katika mabonde ya mpunga ya Pemba. Ni kazi ya kuinama: unachota viluwiluwi kwa upawa kwenye nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, unawalea mpaka wawe mbu, kisha unawaingiza majike katika mrija wenye karatasi iliyotiwa dawa kwa saa 1, na baada ya saa 24 unahesabu waliokufa. Wakifa chini ya asilimia 90, mbu hao huhesabiwa kuwa ni sugu. Lakini karibu kila mara tuliitwa wakati wa masika, viluwiluwi wakiwa tele. Kaskazi, mabonde yakishakauka, hakuna aliyetutuma.

Hapo ndipo ninapoona kasoro, kwa sababu vinasaba vya mbu havikai vile vile mwaka mzima. Mwaka 1979 mtafiti Mario Coluzzi wa Italia na wenzake walieleza jinsi mbu waenezao malaria wa aina ya Anopheles gambiae wa Nigeria walivyo na vipande vya kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, vilivyogeuka kinyume, ambavyo huzidi kuonekana kadiri nchi inavyokuwa kavu. Na kwengineko Afrika Magharibi, Mali ikiwemo, imeonekana kwamba wingi wa vipande hivyo hupanda na kushuka kwa kufuata mvua. Mbu mwenye navyo huvumilia ukavu zaidi. Isitoshe, wachache wanaonusurika kiangazi ndio wazazi wa maelfu watakaoibuka mvua zikirudi, kwa hiyo usugu walionao, hata ukiwa umewapata kwa bahati tu, unaweza kuenea bonde zima kabla hatujaugundua.

Sisi Wazanzibari tunajua gharama ya kuchelewa kugundua. Dawa ya kuua mbu ya kundi la pairetroidi, iliyoanza kupulizwa kutani mwaka 2006, ilibidi ibadilishwe baada ya mbu, hasa wa Pemba, kuwa sugu, na hiyo iliyofuata ilikuwa ghali zaidi.

Ninawaomba wanaopanga ratiba wakusanye mbu mara 4 kwa mwaka, yaani masika, kipupwe, vuli na kaskazi, tena katika mabonde yale yale, ili tofauti itakayoonekana iwe ya msimu na si ya mahali, na sehemu ya mbu hao ihifadhiwe kwa ajili ya kuchunguzwa vinasaba. Hoja kwamba kiangazi hawapatikani siikubali. Wapo kwenye madimbwi yanayobaki mitoni na kwenye mashimo yaliyochimbwa udongo, ila kuwapata kunataka asubuhi nzima badala ya nusu saa. Wenzangu niliokuwa nikikusanya nao wanayajua mashimo hayo moja moja, na wako tayari kuitwa hata Februari.

Msomaji wako,
Wete, Pemba