Miezi ya kungoja cheti isiwafungie wahitimu wa Lamu milango ya kazi

Mhariri,

Nilifanya mtihani wangu wa mwisho wa shahada ya ualimu mwezi wa Aprili, nikarudi nyumbani Lamu na godoro langu, ndoo na sanduku la vitabu. Tangu siku hiyo mimi si mwanafunzi tena, wala sijawa mhitimu. Kitambulisho cha chuo kimekwisha muda wake, na cheti sitakipata hadi siku ya mahafali, mwishoni mwa mwaka. Naandika kuhusu miezi hii ya katikati, ambayo anayeitazama kwa mbali huiona kuwa ya mapumziko, ilhali kwetu sisi tunaotoka visiwani imetugharimu kuliko muhula wowote tuliokaa chuoni.

Siku yangu huanza kabla ya adhana ya alfajiri, nikimsaidia mama kusukuma na kukaanga mahamri anayowauzia majirani. Jioni, baada ya sala ya alasiri, huwafundisha watoto sita wa mtaa wetu kwenye daka la nyumba, wawili kati yao wakiwa Gredi ya 9. Saa zilizobaki hapo kati huishia kwenye maombi ya kazi: kunakili vyeti vya sekondari, kumtafuta wakili wa kugonga muhuri, kusoma matangazo kwenye simu hadi kifurushi cha intaneti kinapokwisha. Nikipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, wazee waliokaa barazani huniuliza kwa mapenzi, "Mwanangu, umemaliza kusoma? Wafanya kazi wapi?" Huwaamkia na kuwaomba dua, kwa sababu hata lile swali la kwanza siwezi kulijibu kwa ndiyo. Matokeo yangu yana pengo.

Somo moja la mwaka wa tatu, nililolifanyia mtihani katika ukumbi uliojaa watu, halina alama kwenye tovuti ya matokeo. Pana kistari tu. Mhadhiri aliyelifundisha alikuwa wa muda na mkataba wake ulikwisha, na idara ikanitaka nilete ushahidi kwamba nilikalia mtihani huo. Ushahidi ninao, nao ni kadi ya mtihani yenye sahihi ya msimamizi, ambayo mama alikuwa ameihifadhi kashani pamoja na hati za nyumba. Mwezi wa Juni niliitia ndani ya faili la plastiki, nikalifunga kwa leso na kulipakata kifuani, nikavuka hadi Mokowe, upande wa bara, kwa mashua ya alfajiri huku kusi imekaza na maji yakiturukia hadi mapajani. Kutoka Mokowe nilipanda basi kupitia Witu na Garsen, barabara ambayo kwa sababu za usalama abiria hushushwa kwenye vizuizi na kuonyesha vitambulisho, kisha nikaendelea na safari hadi chuoni, ambako nililala kwa rafiki. Kesho yake nilikaa kwenye benchi la ofisi hadi saa tisa alasiri. Karani aliichukua kadi, akaitazama ile sahihi, akaipiga picha kwa simu yake, akanirudishia na kuniambia niende nyumbani nikangoje kupigiwa. Kazi hiyo haikuchukua hata dakika mbili, na picha ile ningeweza kuipiga mwenyewe nikiwa Lamu na kuituma siku ya kwanza nilipoambiwa kuna kasoro.

Nauli ya safari hiyo aliitoa baba. Yeye ni mvuvi, na wakati wa kusi, bahari inapochafuka, vyombo vidogo kama chake havitoki kwenda bahari kuu, kwa hiyo pesa hizo zilitoka kwenye akiba ya kaskazi iliyowekwa kwa chakula cha nyumbani. Mwenzangu anayetoka Kizingitini, kisiwani Pate, ana tatizo kama langu, naye huongeza safari nyingine ya bahari kabla hata hajafika Mokowe. Mwanafunzi anayeishi karibu na chuo huweza kupita ofisini kila asubuhi mpaka karani amjue kwa jina. Sisi tunaotoka mbali hatuna njia hiyo, na naamini ndiyo sababu majalada yetu hukaa chini ya mengine.

Jambo la pili ni vyeti vya uadilifu. Matangazo mengi ya kazi za umma humtaka mwombaji aambatishe cheti cha maadili mema cha polisi, cheti cha Mamlaka ya Ushuru, cha HELB (Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu), cha Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, na cha shirika linaloweka rekodi za mikopo, na vyote hivyo atafute kabla hajajua kama ataitwa hata kwenye mahojiano. Baadhi hutolewa bure, vingine vina ada. Mimi nililipa shilingi 1,050 kwa kile cha polisi, ukiacha gharama ya kupeleka alama za vidole. Wasomaji wengi hawajui kwamba Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa inamkataza mwajiri kumtaka mtu vyeti vya aina hiyo isipokuwa anakusudia kuingia naye mkataba wa kazi wa maandishi. Maana yake ni kwamba mwajiri anapaswa kwanza kumchagua anayemtaka, ndipo amdai vyeti, na mwombaji asipovitimiza, mwajiri anaweza kuiondoa nafasi aliyompa. Mbona basi tunaendelea kudaiwa sote, mamia kwa mamia, kwa nafasi tano au sita? Maafisa wanaoandika matangazo haya wanaijua sheria kuliko mimi. Naomba waifuate, kwani kwa familia inayoishi kwa mahamri na samaki ada hizo si pesa ndogo.

Kuhusu HELB sina lawama, maana bila mkopo huo nisingevuka mwaka wa kwanza, na ninakusudia kuulipa wote. Ninachotaka kifahamike ni kwamba sheria ya mwaka 1995 iliyounda bodi hiyo inamtaka mkopaji aanze kulipa ndani ya mwaka mmoja tangu amalize masomo, wala haisemi tangu apate cheti au kazi. Mwaka wangu umekwisha kuanza kuhesabika. Kila mwezi ambao kistari kile kinabaki kwenye matokeo yangu ni mwezi mmoja uliokatwa katika muda niliopewa wa kujitayarisha, na kosa la kistari hicho si langu.

Pia husemwa, hata na viongozi wetu, kwamba vijana wa Lamu hatujitokezi nafasi zinapotangazwa. Nimelisikia tena na tena tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lilipofunguliwa Mei 2021, na huniuma kila mara. Tunajitokeza. Tangazo la walimu wanagenzi likitoka leo, likawa wazi kwa siku chache tu na kudai nakala ya cheti cha shahada, mimi niliyesoma miaka minne na kufanya mazoezi ya kufundisha muhula mzima siwezi kulijibu, kwa sababu karatasi hiyo bado haijachapishwa. Huko sekondari msingi watoto wanaweza kukosa mwalimu wa somo ambalo mimi nimelisomea, nami nikawa hapa kwenye daka la nyumba nikifundisha sita.

Ninachoomba ni mambo ya ofisi, wala hayahitaji bajeti mpya. Serikali ya Kaunti ya Lamu na bodi zote za kuajiri zikubali barua ya chuo inayothibitisha kwamba mwombaji amemaliza mitihani yake yote, kwa sharti kwamba cheti chenyewe kitaletwa baada ya mahafali. Vyuo navyo viitoe barua hiyo bila kumlazimu mtu kusafiri, na vipokee ushahidi wa alama zinazokosekana kwa barua pepe, vikimpa mwanafunzi nambari ya kufuatilia na tarehe ya jibu. Tarehe ndiyo muhimu zaidi. Nilipouliza yangu niliambiwa "karibuni", na tangu mwezi wa Juni sijapigiwa simu.

Orodha ya watakaohitimu hufungwa kabla ya siku ya mahafali, na ambaye jina lake halimo hungoja mahafali yajayo. Kwa hiyo ombi langu kwa idara yangu ni la wiki hizi tulizo nazo. Kadi iko kashani, faili la plastiki liko tayari, na wakisema ni lazima nivuke tena na kuja mwenyewe, nitavuka.

Aliyemaliza mwaka wa nne,
Langoni, Lamu