Njegere za Mendel zibaki, ila selimundu itangulie

Mhariri,

Mwezi uliopita mama wa mwanafunzi wangu alinifuata ofisini baada ya kikao cha wazazi. Ana watoto wawili wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Wa kwanza alipougua, yeye na mumewe walipimwa, wote wakakutwa na AS, yaani kila mmoja amebeba jeni moja ya selimundu bila yeye kuugua, wakaelezwa kwamba uwezekano ni mtoto mmoja kati ya wanne. Wakaelewa fungu lao limeshatoka, watatu watakaofuata wako salama. Wa pili alipougua pia, ndugu wakaanza kutafuta mchawi.

Iliniuma sana, maana mama huyo amemaliza kidato cha nne. Darasani alichora miraba ya urithi, ya njegere ndefu na fupi, akapata maksi zake.

Sisemi Mendel, mtawa aliyegundua kanuni za urithi kwa kupanda njegere, aondolewe. Kazi aliyoichapisha mwaka 1866 ndiyo msingi. Lakini watoto ninaowafundisha wanamjua jirani anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa, na hapo ndipo pa kuanzia.

Siku hizi naingia darasani na makopo mawili, la baba na la mama. Kila moja lina maharage 10 mekundu na 10 meupe: punje nyekundu ni jeni ya selimundu, nyeupe ni jeni ya kawaida. Mwanafunzi anafumba macho, anachukua punje moja huku na moja kule, anaandika, anazirudisha. Nyekundu mbili ni mtoto mgonjwa. Kuna kundi lilipata nyekundu mbili mara mbili mfululizo, wenzao wakapiga kelele kwamba wamechungulia. Nikawauliza: punje si zimerudi koponi? Kimya. Kisha binti mmoja wa nyuma akasema, “Kumbe kila mimba inaanza upya.”

Mwingine akauliza kwa nini ugonjwa unaoua watoto haujaisha wenyewe. Swali zuri mno! Mwaka 1954 mwanasayansi Anthony Allison alionyesha, kwa utafiti alioufanya Afrika Mashariki, kwamba mwenye AS ana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana jeni hiyo imeenea kwetu.

Shule nyingi nilizopitia huifikia mada hii ya urithi wakati mitihani ya majaribio imeshaanza, ikafundishwa mbio mbio. Naomba watunga mitaala waisogeze mbele. Na watunga mitihani waache kudai miraba tu. Waulize hivi: wazazi wote ni AS, watoto wawili wa kwanza ni wagonjwa, je, wa tatu ana uwezekano gani wa kuugua?

Mwalimu wa Baiolojia,
Sengerema, Mwanza