KUH: MABAMBA YANAYOVUJISHA KWENYE KIBADILISHA JOTO MLICHOTUUZIA

Ndugu Meneja Mkuu,

Masharti ya dhamana mnayo, na ripoti zangu mnazo. Sitayarudia.

Nitaanza na mhandisi wenu. Tulisimamisha mtambo na kulichomoa fungu la mirija, likalazwa mbele yake. Nikampa fila geji, kipimo cha mianya, apime mwenyewe. Hakuipokea. Alisema, "Mama, huu ni uchafu tu. Osheni mirija." Vijana wangu wote wanasikia.

Uchafu hujijenga polepole. Chombo hiki hakijafikia joto mliloahidi tangu siku kilipowashwa, mirija ikiwa inang'aa. Tena presha iliyopotea upande wa ganda, yaani nje ya mirija, ilikuwa chini ya hesabu zenu wenyewe, ilhali utando wa uchafu ungeipandisha. Presha ndogo na joto halihami: maji yamepata njia ya mkato. Nimeipima. Ganda lina kipenyo cha ndani cha milimita 600, na kwa viwango vya TEMA, chama cha watengenezaji wa vibadilisha joto vya mirija, kipenyo cha bamba (sahani inayoishikilia mirija na kuyaelekeza maji yaivuke) kingepungua kuliko hicho kwa milimita 4.8 tu. Yenu yamepungua kwa 11. Maji yanayopenya kwenye matundu ya mirija angalau yanaigusa mirija. Yanayopita pembeni ya bamba hayagusi hata mmoja.

Mlikata mabamba madogo ili fungu liingie kirahisi kwenye ganda ambalo halikukunjwa likawa duara. Kisha mkayapanga karibu karibu ili kasi ya maji ipendeze kwenye karatasi, ilhali mabamba yakibanana msukumo huzidi, na maji mengi zaidi hukimbilia penye mwanya. Hesabu zenu zinadai kufuata Bell-Delaware, njia ya kukokotoa joto na presha upande wa ganda, yenye kigezo mahsusi cha uvujaji huu. Mmekijaza kwa mwanya wa kwenye mchoro, si wa karakana yenu. Na kabla hata hamjamtuma huyo bwana, mlitushauri tununue pampu kubwa zaidi!

Narudia, kwa sababu sijalimeza: msimamizi wa mtambo ule, yaani mimi, amenyoosha mkono wenye kipimo, na mtu wenu ameacha yake mfukoni. Hakuinama. Hakuwasha tochi. "Mama, mahesabu tuachieni sisi." Kisha akamgeukia kijana wangu wa mafunzo, akamwuliza dawa ya kusafishia iko wapi. Kana kwamba sipo.

Nilikusudia kuomba mabamba mapya tu. Sasa nataka fungu zima, mabamba yakatwe kwa kipenyo halisi cha ganda kilichopimwa mbele yangu, na gharama zote ziwe zenu, pamoja na za kusimamisha mtambo. Mikanda ya kuziba mnayopendekeza sasa msiilete: huzuia maji yanayolizunguka fungu, haigusi mwanya wa bamba. Nataka pia mhandisi huyo aombe radhi kwa maandishi, nakala waipate vijana walewale.

Mna siku 14. Zikipita, vipimo vitakwenda kwa mkaguzi huru na kwa wakili wetu, nasi tutadai fedha zote, si ukarabati. Malipo ya mwisho nimeyazuia kuanzia leo.

Wenu,
Mhandisi Mkuu wa Matengenezo